Kutu Huanzia Chini: Uchambuzi wa Ufufuaji wa Magari ya Misuli ya Marekani

Tarehe 15 Juni 1957, wakazi wa Tulsa, jimboni Oklahoma, walizika gari jipya kabisa. Lilikuwa Plymouth Belvedere la rangi ya dhahabu na nyeupe. Walilishusha ndani ya kaburi la zege mbele ya mahakama ya kaunti ili lifukuliwe baada ya miaka 50, na kaburi lenyewe lilisifiwa kwamba lingehimili hata bomu la nyuklia. Lilipofunguliwa mwaka 2007, maji yalikuwa yameshaingia zamani na gari lilikuwa limefunikwa na kutu kuanzia taa za mbele hadi buti. Wataalamu walilisafisha kwa miaka mingi, lakini chuma kilikuwa kimekonda kiasi kwamba gari halikuweza kurudishwa barabarani. Mwaka 2017 lilipelekwa kwenye jumba la makumbusho huko Roscoe, Illinois, na huko likawa la kutazamwa tu.

Gari lile halikuwahi kukanyaga theluji wala kumwagiwa chumvi ya barabarani. Liliuawa na maji yaliyokosa pa kutokea. Anayetaka kufufua gari kuukuu la Marekani lililooza sakafu aanze na jambo hilo, kwa sababu wengi huanza na rangi, na wachache huuliza maji yalipita wapi.

Yalivyoundwa, na yalivyotupwa

Magari ya misuli ni uzao wa miaka ya 1960. Mwaka 1964 Pontiac ilitoa GTO kwa kanuni nyepesi: bodi ya ukubwa wa wastani, ndani yake injini ya V8 ya inchi za ujazo 389, yaani takriban lita 6.4. Mwaka huohuo, tarehe 17 Aprili, Ford iliizindua Mustang kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York kwa bei ya kuanzia dola 2,368. Siku ya kwanza zilipokewa oda zipatazo 22,000, na kabla ya miaka miwili kutimia Mustang ya milioni moja ilikuwa imeundwa. Wapenzi wa magari hubishana kama Mustang yenye injini ndogo inastahili kuhesabiwa katika kundi hili. Kwa fundi wa bodi ubishi huo hauna maana, kwani bati ni lilelile na huoza mahali palepale.

Magari haya yalikusudiwa vijana, yauzwe kwa bei nafuu na yabadilishwe baada ya miaka michache. Kiwandani, praima na rangi zilifika mahali panapoonekana, lakini ndani ya reli za chini na vizingiti vya milango chuma mara nyingi kilibaki na kinga hafifu au bila kinga kabisa. Teknolojia ya kuchovya bodi nzima katika praima inayovutwa na umeme, ambayo mkemia George Brewer wa Ford alikuwa miongoni mwa waasisi wake, ilikuwa bado changa. Bati la kuchovywa zinki kwa bodi nzima lilikuja kuzoeleka baadaye, pale Porsche ilipoanza kulitumia kwa 911 katikati ya miaka ya 1970.

Kisha zama zikageuka. Bima za magari yenye nguvu zilipanda, Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1970 ikabana moshi, na vikwazo vya mafuta vya mwaka 1973 vikaifanya injini ya V8 kuwa mzigo. Gari lililokuwa fahari ya mtaa likawa mtumba wa bei chee. Lilinunuliwa na mwanafunzi, likalala nje, likaendeshwa majira ya baridi yote. Tangu mwaka 1938, New Hampshire ilipoanza kuifanyia majaribio, chumvi ilikuwa imeenea kwenye barabara za majimbo ya theluji, maana hushusha kiwango cha joto ambacho maji huganda. Chini ya jiji la Detroit lenyewe, zaidi ya mita 300 ardhini, kuna mgodi wa chumvi. Jiji lililounda magari hayo lilikuwa limekalia shehena ya kuyala.

Kutu inavyokula

Chuma huoza kwa njia ya umeme mdogo. Sehemu moja ya bati hupoteza elektroni, sehemu nyingine oksijeni huzipokea, na maji ndiyo njia ya kukamilisha mzunguko. Maji yenye chumvi hupitisha chaji vizuri zaidi, kwa hiyo kazi huenda kasi. Mkazi wa Mombasa, Tanga au Unguja, ambaye mabati ya nyumba yake hutafunwa na upepo wa bahari, hahitaji kushawishiwa.

Kutu ina tabia mbili zinazoifanya iwe hatari zaidi. Ya kwanza, haishikamani kama ukoko wa alumini ambao huilinda metali iliyo chini yake. Ni laini, ina vinyweleo, hunyonya unyevu na kuuhifadhi. Ya pili, huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Pale mabati mawili yalipobanwa pamoja, kutu huvimba katikati na kuyatenganisha, na maji hupata mlango mpana zaidi. Ndiyo maana gari lililowekwa gerejini miaka 20 likisubiri fedha za matengenezo huweza kutoka likiwa bovu kuliko lilivyoingia, kama sakafu ya gereji ni ya udongo na zulia liliwekwa likiwa na unyevu.

Mahali panapooza

Kila muundo una udhaifu wake, na anayeujua hahangaiki kutafuta. Chevrolet Chevelle ina chasi inayojitegemea, na bodi imekalishwa juu yake kwa bolti. Sakafu yake ikitoboka ni hasara, lakini chasi bado inabeba mzigo. Camaro ya 1967 ina fremu ya mbele iliyofungwa kwa bolti, ilhali nyuma bodi hujibeba yenyewe. Mustang haina chasi ya kando kabisa. Sakafu, vizingiti, reli na mabati ya pembeni vimechomelewa pamoja, na vyote kwa pamoja ndivyo chasi. Dodge Charger iko hivyohivyo, na ina la ziada: fito za msokoto zinazobeba uzito wa mbele wa gari zimeshikizwa kwenye boriti iliyo chini ya sakafu ya mbele. Boriti hiyo ikioza, kinacholegea ni uti wa gari, na hakuna zulia jipya litakalosaidia.

Tuiangalie Mustang kwa karibu. Chini ya kioo cha mbele, nyuma ya boneti, kuna kikasha kilichofichika kilichoundwa kwa mabati mawili yaliyochomelewa kwa nukta. Hewa huingia kupitia matundu membamba ya juu. Ndani, kuna matundu mawili ya mviringo yenye kingo zilizoinuka. Hewa hupita humo kwenda kwa abiria, na maji ya mvua huzuiwa na kingo hizo yakatiririka pembeni na kutokea nyuma ya madigadi. Ni mpango mzuri hadi majani makavu na vumbi vinapojikusanya humo. Takataka hizo hubaki na unyevu siku nyingi, kingo huoza kwenye mashina, na siku moja mvua inashuka moja kwa moja miguuni pa dereva.

Hapo zulia hufanya kosa la pili. Chini yake kuna tabaka la nyuzinyuzi kama za gunia, lililowekwa kupunguza kelele, na chini zaidi kuna karatasi za lami zilizobandikwa kwenye bati. Nyuzi hunywa maji, lami iliyopasuka huyafungia. Sakafu basi huoza kutokea juu kwenda chini, wakati mwenye gari anailaumu barabara. Mafundi wengi wameweka sakafu mpya nzuri katika Mustang ambayo kikasha chake kilikuwa bado kinavuja, na sakafu hiyo ikaanza kuoza tena.

Kipimo cha kikasha hicho hakina gharama. Mtu mmoja hulala chali chini ya dashibodi na tochi, mwingine humimina jagi la maji polepole kwenye matundu ya juu. Tone likionekana ndani, kazi ya sakafu isubiri.

Charger za 1968 hadi 1970 zina ugonjwa tofauti. Kioo cha nyuma kimezama kati ya mbavu mbili zinazoshuka kutoka paani, na maji hutuama kwenye kitako chake, kisha hudondokea kwenye buti. Gari lolote la enzi hizo lenye paa lililovalishwa vinili lishukiwe pia, kwa sababu unyevu hujificha chini ya vinili na kulila paa bila kuonekana. Kwenye buti la Mustang kuna la kukumbuka zaidi: mgongo wa tangi la mafuta ndio sehemu ya sakafu ya buti. Tangi hutolewa kwanza, ndipo mashine ya kuchomelea iwashwe.

Kupima kabla ya kukata

Uchunguzi wa kweli hufanywa kwa vifaa duni. Sumaku iliyofungwa kitambaa hushika bati na kuteleza palipojazwa pati nene. Bisibisi ikisukumwa kwa nguvu ya mkono isipenye bati zima, na mpini wa nyundo utoe mlio mkali, si mlio mfu. Kisha mazulia yote yainuliwe, plagi za mpira za sakafuni zitolewe, na mwanga uelekezwe ndani ya reli.

Kinachokutwa mara nyingi ni kazi ya waliotangulia: bati lililopigiwa ripiti juu ya bati bovu, lami ya paa, nyuzi za glasi, wakati mwingine hata kipande cha kibao cha alama za barabarani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kiraka juu ya kutu ni maradhi yaliyofichwa, kwa kuwa kutu iliyo katikati huendelea kula pande zote mbili. Viraka hivyo vyote hutolewa kabla ya kupanga bajeti. Bajeti iliyopangwa kabla ya hapo ni ndoto.

Kuondoa kutu na kukata kutu

Hapa ndipo mafundi na wapenzi wanapogawanyika, na sehemu kubwa ya ugomvi hutokana na kuchanganya kutu za aina mbili. Kutu ya juujuu imebadilisha rangi ya bati lakini unene upo. Hii hutibiwa. Kutu iliyopunguza unene au kutoboa hukatwa, na hakuna dawa ya chupa itakayorudisha chuma kilichokwisha.

Kwa kutu ya juujuu njia ni nyingi. Asidi ya fosforiki huigeuza kuwa fosfeti ya chuma, na asidi ya tanini hufanya kazi inayofanana nayo. Kupuliza mchanga husafisha haraka na hufika kwenye pembe, lakini bati pana kama la boneti au mlango hujikunja kwa kipigo na halinyooki tena kirahisi, kwa hiyo njia hii ibaki kwa reli na mabati mazito ya chini. Kwa mabati ya nje hutumika chembe laini zaidi, kama za plastiki. Kuchovya bodi nzima kwenye tangi la asidi hufika kila pembe, na hatari yake iko hapohapo: asidi iliyobaki katikati ya mishono isiposuuzwa vizuri huchuruzika miezi baadaye na kuibua rangi mpya.

Palipokondeana, ni kukata, na swali ni kiasi gani. Bati la kiraka kidogo huokoa chuma cha asili na saa za kazi. Sakafu nzima ya upande mmoja huondoa mashaka na mishono mingi. Kama mashimo ni mawili au matatu na bati linalozunguka ni zima, kiraka kinatosha. Kama viraka vinakaribiana kiasi cha kuacha chuma kidogo kati yao, sakafu nzima ni nafuu zaidi, kwa maana gharama kubwa katika kazi hii ni saa za fundi. Bati lenyewe ni sehemu ndogo ya bili.

Kabla grenda haijawashwa, bodi inayojibeba yenyewe lazima ifungwe mihimili ya ndani, hasa ikiwa ni gari lisilo na paa la chuma. Gari hukalishwa sawasawa chini ya sehemu zinazobeba uzito, vipimo vya mshazari huandikwa, na milango huachwa mahali pake ili nafasi inayoizunguka iwe shahidi. Akikata vizingiti vyote viwili kwa wakati mmoja bila mihimili, fundi atachomelea gari lililopinda na litabaki limepinda maisha yake yote.

Kiwandani mabati yaliunganishwa kwa nukta za umeme. Nukta hizo hutobolewa kwa keekee maalumu inayokata bati la juu tu na kuliacha la chini zima. Bati jipya hutobolewa matundu ya takriban milimita 8 mahali palepale, na kila tundu hujazwa kwa mashine ya kuchomelea ya MIG. Unene wa bati ni karibu milimita 1, na chuma huyeyuka kwenye takriban nyuzi joto 1,500. Ndiyo maana mafundi wengi huchagua waya mwembamba wa milimita 0.6, na gesi ya mchanganyiko wa argoni asilimia 75 na kaboni dayoksidi asilimia 25.

Bati likikutana na bati ubavu kwa ubavu, fundi hapigi mstari mrefu. Hupiga nukta moja huku, huruka upande wa pili akapiga nyingine, hugusa kwa kiganja, husubiri lipoe, kisha hurudi kati ya nukta mbili. Joto likizidi mahali pamoja, bati husinyaa linapopoa na uso wote hujikunja. Anayeona kazi hiyo kwa mara ya kwanza hudhani fundi anazembea. Kupishanisha mabati moja juu ya jingine ni rahisi zaidi, na kwenye sakafu inakubalika mradi mshono uzibwe pande zote. Usipozibwa, fundi amejenga mfuko mpya wa maji.

Usalama uzingatiwe tangu mwanzo. Viwanda vilijaza mishono ya paa na mbavu za nyuma kwa risasi, na vumbi lake ni sumu. Moshi wa zinki huleta homa, na rangi za kisasa zinazochanganywa na kikaza chenye isosayaneti huharibu mapafu. Lami ya chini ya gari huwaka kimyakimya upande usioonekana, kwa hiyo asimame mtu mwenye kizimamoto.

Mwishoni huja praima ya epoksi, kiziba mishono, na nta inayopulizwa ndani ya reli na vizingiti. Matundu ya kutolea maji yaachwe wazi. Kuna wanaoyaziba kwa kupenda usafi, na hivyo hurudisha gari kwenye hali ya lile la Tulsa.

Gari ni lilelile?

Ukibadilisha sakafu, reli, vizingiti na mbavu, kilichobaki ni nini? Soko limejibu kwa njia mbili zinazopingana. Mwaka 2011 ilitangazwa bodi mpya kabisa ya Mustang ya 1965 isiyo na paa la chuma, ikiundwa na kampuni ya Dynacorn kwa idhini ya Ford, kwa bei ya kuanzia takriban dola 15,000. Kwa mwenye gari lililooza kila mahali, bodi hiyo inaweza kugharimu kidogo kuliko kazi ya kuchomelea. Upande wa pili, Januari 2020, Mustang ya 1968 iliyoendeshwa na mwigizaji Steve McQueen kwenye filamu ya *Bullitt* ilipigwa mnada huko Kissimmee, Florida, kwa dola milioni 3.4. Rangi yake ilikuwa imechakaa, ina makovu na kutu, na familia iliyoimiliki tangu mwaka 1974 haikuipaka upya. Kama ingeng'arishwa, sehemu ya ushahidi wake ingefutika.

Pacha wake, iliyotumika kwa kuruka vilima vya San Francisco, ilidhaniwa imekwisha. Mwaka 2017 iligunduliwa nchini Meksiko, injini haipo, bati limeliwa vibaya. Aliyeinunua alikuwa anakaribia kuigeuza kuwa nakala ya gari la filamu nyingine. Namba ya bodi ndiyo iliyoiokoa, kwani inafuatana na ya pacha wake.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Sheria ya shirikisho ya Marekani inakataza kuondoa au kubadilisha namba ya utambulisho wa gari kwa makusudi, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka mitano, ingawa inaacha nafasi kwa matengenezo ya lazima. Kuchomelea bati jipya pembeni mwa namba ni ukarabati. Kukata namba kutoka gari lililokufa na kuibandika kwenye bodi nyingine ili iuzwe kama ya asili ni udanganyifu, hata kama kazi ni safi. Kati ya hayo mawili kuna eneo la mashaka, na dawa yake ni picha za kila hatua na maelezo ya wazi kwa mnunuzi.

Hukumu

Gari lenye sakafu mbovu lakini reli, vizingiti na nguzo za mbele zikiwa nzima linastahili kufufuliwa, mradi chanzo cha maji kizibwe kwanza. Lililooza sakafu, reli na kikasha cha mbele kwa pamoja linastahili kazi hiyo tu kama lina historia adimu au mwenyewe ana ujuzi na muda wake mwenyewe. Vinginevyo liwe ghala la vipuri kwa magari mengine. Na gari adimu lenye kutu ya juujuu liachwe karibu na lilivyo, lisafishwe, likaushwe, lipakwe nta.

Mwenye fedha haba asiogope kuendesha gari lenye praima ya kijivu kwa miaka miwili. Sakafu, reli na matundu ya maji vitangulie. Rangi inaweza kusubiri. Na anayekwenda kununua gari lililokwisha kung'arishwa asilipe hata senti moja kabla ya kuinua zulia, kulala chini yake na kuomba picha za kazi. Muuzaji asiyekuwa nazo anauza rangi, si gari.